Kipanya Kisicho na Adabu

Mchora ramani na mkewe mfasiri walifanyia kazi nyumbani, kila mmoja na kompyuta yake, lakini walitumia kibodi moja na kipanya kimoja kwa programu ya kuunganisha kompyuta mbili. Shida ikawa kwamba kila mara kipanya kilipovuka kutoka skrini ya mke kwenda ya mume, ya mume ilizimika ghafla na ramani ikapotea.

Mume alibadilisha nyaya, akafuta programu, akaiweka upya. Wapi! Hasira zikampanda hadi utosini.

Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea, akamhurumia. "Mwanangu, kipanya chako kinaingia kwa watu bila hodi. Wewe ungevamiwa umesinzia, usingeanguka?"

Kubishana na mama mkwe ni kujitafutia makubwa. Mume akakisogeza kipanya hadi ukingoni mwa skrini ya mkewe, akakisimamisha, akakohoa kidogo. "Hodi!"

"Karibu," mkewe akaitikia, akijiuma midomo asicheke.

Kipanya kikavuka. Skrini haikuzimika.

Walimpigia simu fundi, wakamsimulia yote, naye akaeleza kwamba skrini ile hulala ikikaa bure, na huanza kuamka kipanya kikifika ukingoni. Kikipita haraka kabla haijaamka, inazimika; hodi ile iliipa tu muda. "Ngoja niweke mpangilio wa kuchelewesha, muache hayo maneno."

Mume alimtupia jicho mama mkwe. Alikuwa amekunja mikono kifuani, anasubiri jibu.

"Acha tu, fundi," mume akasema. "Sisi tutakuwa tunabisha hodi."