Mkwe Mbele ya Herufi

Kibwana hakuogopa sindano wala daktari. Alichoogopa ni bei. Hospitali moja ya binafsi Dar walimtajia kwenye simu gharama ya kumpima dereva afya, akauliza, "Mnanipima au mnaninunua?" Dada wa mapokezi akakata simu.

Na cheti alikihitaji kweli. Tajiri wake Shamsudin, mwenye lori, alikuwa amemwita akamwambia bila kuzunguka: shamba la miwa kule Makurunge limeweka sheria mpya, kuanzia Jumatatu dereva haingii getini bila cheti cha afya.

"Mimi na wewe hatuna ugomvi, Kibwana. Lakini miwa ikishakatwa haimsubiri mtu. Ukija bila cheti, ufunguo anachukua Ishaka."

Ishaka alikuwa dereva wa akiba. Kazi yake ilikuwa kukaa kivulini akingoja Kibwana augue. Hakuwa mtu mbaya, ila kila asubuhi alimjulia hali mwenzake kwa hamu isiyo ya kawaida.

"Umeamkaje, kaka? Kichwa je? Mgongo hauumi?"

"Hauumi."

"Hata kidogo?"

"Ishaka, sifi leo."

"Basi tumshukuru Mungu," Ishaka anasema, kinyonge kama aliyepewa habari ya msiba.

Aliyeleta nafuu ni Tabia, mkewe Kibwana. Alisikia sokoni kwamba kituo cha afya pale mjini kimetenga Ijumaa asubuhi kwa ajili ya madereva, tena kwa bei ya watu wa kawaida. Unauza kuku mmoja, unapimwa, na chenji unanywea chai. Kibwana akauza jogoo. Alimchagua jogoo kwa sababu alikuwa anawika kabla ya wakati, na Kibwana alikuwa anamtafutia sababu siku nyingi.

Ijumaa akafika mapema, akamkuta Ishaka keshakaa kwenye benchi. Utaratibu ulikuwa wa vyumba viwili. Cha kwanza yumo daktari, kijana mgeni aliyehamia kutoka bara, anasikiliza kifua na kupima mkojo. Cha pili yumo muuguzi, anapima presha na macho. Majibu yote yanarudi kwa daktari, anagonga muhuri.

Kwa daktari Kibwana alipita kama maji. Ishaka naye akaingia cha pili, akatoka anacheka. "Kaka, macho yangu haya! Nimeona mpaka herufi ambazo hawajaziandika."

Kibwana akasukuma pazia, akaingia, akaona miguu.

Aliijua miguu ile. Ungewapanga akina mama wote wa wilaya nyuma ya ukuta, miguu tu ikatokeza, Kibwana angeichagua ile bila kukosea: hina kwenye visigino, ndala za bluu, kidole kidogo cha kushoto kimempanda mwenzake. Ilikuwa miguu ya Bi Kuruthumu, mama mzazi wa Tabia.

Bi Kuruthumu alikuwa muuguzi wa zahanati ya Miono. Siku hiyo ameletwa mjini kuziba pengo la muuguzi aliyejifungua, na hata Tabia hakuwa na habari. Sasa, kwao Miono mkwe hatazamwi. Ukikutana naye njiani unaingia majanini mpaka apite. Kibwana alikuwa na watoto wanne na binti wa mwanamke yule, na hakuwahi kumwona pua. Walichopeana miaka yote ni salamu na zawadi za sikukuu, tena kwa mkono wa mtu mwingine.

Akachuchumaa palepale mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Shufaa," Bi Kuruthumu akauambia ukuta.

Kisha yule mama akapaza sauti kuelekea chumba cha kwanza. "Daktari! Mwambie huyo mtu akae kwenye kiti, apandishe mkono wa shati."

"Kwani hayupo hapo?" daktari akajibu.

"Yupo."

"Si umwambie mwenyewe?"

"Namwambia kupitia kwako!"

Kibwana akakaa, akapandisha shati. Bi Kuruthumu akamfunga kile kitambaa cha presha kwa ncha za vidole, kama mtu anayemkamata kaa. Mkono wa mkwe kwenye mkono wake! Kibwana akabana pumzi. Jasho likamtoka mpaka nyuma ya masikio. Mashine ikavuma, ikatoa namba, Bi Kuruthumu akaguna. Akarudia kupima. Safari hii ikapanda zaidi.

Ikaja zamu ya macho, na huko ndiko kulikokuwa na balaa lenyewe. Ubao wa pale ulikuwa na herufi moja tu, imerudiwa kubwa mpaka ndogo, kama kitana chenye meno matatu, mara meno yametazama juu, mara chini, mara pembeni. Mpimwaji kazi yake ni kunyoosha kidole kuonyesha meno yametazama wapi. Mpimaji anasimama ubavuni mwa ubao na kijiti. Kwa hiyo Kibwana alitakiwa ainue uso, amtazame mama mkwe, kisha amnyooshee kidole.

Akaitazama sakafu.

"Meno yametazama wapi?" Bi Kuruthumu akauuliza ukuta.

"Sijui, mama."

"Hii kubwa kabisa?"

"Sijui, mama."

Bi Kuruthumu hakuwa mtu wa kupindisha. Kilichopimwa ndicho anachoandika, hata awe nani. Akaandika: presha iko juu sana, macho hayaoni hata herufi ya kwanza, hafai kuendesha. Alijua fika ugonjwa wa yule mgonjwa, lakini ugonjwa ule haukuwa na nafasi kwenye karatasi.

Nje Ishaka akaichungulia ile karatasi. "Pole sana, kaka," akasema, uso unang'aa kama taa ya harusini. "Jumatatu wewe pumzika. Tena kile kiti chako kiko nyuma mno, nitakisogeza. Mimi miguu yangu mifupi."

Maneno mengine yote Kibwana angeyameza. La kiti likamkwama. Kile kiti alikishonea kitambaa mwenyewe, na shimo la kukalia lilikuwa na umbo lake. Akaenda nyuma ya jengo, akampigia Tabia.

"Nimefeli."

"Umefeli nini?"

"Vyote. Anayepima ni mama yako."

Upande wa pili Tabia akacheka mpaka simu ikakoroma.

"Unacheka? Lori linaondoka hilo!"

"Vaa miwani ya jua."

"Kwenye kupima macho, mke wangu?"

"Haya, umewaeleza?"

"Niwaelezeje na mwenyewe kasimama palepale? Nimtaje mbele yake?"

"Ngoja," Tabia akasema. Akakata, akampigia mama yake.

Alichomwambia mama yake kilijulikana baadaye. Hakumbembeleza. Alisema tu, "Mama, mume wangu akikosa kazi, mimi na watoto wanne tunahamia kwako Miono. Yule wa mwisho bado anakojoa kitandani."

Punde Bi Kuruthumu akaonekana anavuka ukumbi kwa haraka kwenda kwa daktari. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye benchi. "Sibadilishi nilichoandika. Nikibadilisha watasema nimempendelea mkwe. Apimwe upya, na wewe usimame ushuhudie."

"Kumbe ni mkwe wako?" daktari akauliza. "Sasa mbona hamkusema?"

"Tungesemaje?"

Daktari akajikuna kichwa. Akajitolea ashike kijiti yeye. Bi Kuruthumu akakataa: zamu ni yake, jina kwenye karatasi ni lake, na kazi yake haijamshinda tangu daktari hajazaliwa. Akatoa kanga kwenye mkoba, akaikung'uta, akajifunika gubigubi kuanzia utosini mpaka magotini. Akashika kijiti kwa ndani, akasimama kando ya ubao.

"Daktari," ile kanga ikasema, "mwambie huyo mtu aingie. Mkwe wake hayupo humu. Humu pana kanga."

Kibwana akaingia. Macho yake yakaanza kule yalikozoea, kwenye ndala za bluu. Kisha, polepole, yakapanda. Yakafika magotini, kwenye pindo, palipoandikwa jina la kanga, na kwa kuwa hofu ilikuwa bado haijamtoka, akajikuta anasoma kwa sauti, "Nimekusitiri, nawe unisitiri."

"Hayo hatukukuuliza," daktari akasema, "lakini umeyaona toka mlangoni. Haya, kaa. Meno?"

"Juu. Pembeni huku. Chini. Huku. Juu tena." Kidole chake kilikwenda mpaka mstari wa mwisho, ule ambao daktari mwenyewe ilibidi asogee kuhakikisha. Kule mlangoni Ishaka alikuwa anachungulia pazia huku uso umeanza kupoa.

Presha ikapimwa. Kanga ikamfunga kitambaa, Kibwana akafumba macho akafikiria barabara iliyonyooka. Namba ikashuka. Haikuwa ya kijana, lakini haikuwa ya kumnyima mtu usukani.

"Umepita," daktari akasema, akagonga muhuri. "Ila iko juu kidogo. Punguza chumvi, urudi tuipime tena."

"Daktari," kanga ikasema, "mwambie huyo mtu kwamba ya chumvi nitayasimamia mimi."

Jumatatu alfajiri Ishaka akamkuta Kibwana keshakalia kiti chake, ufunguo mkononi.

"Umeamkaje, kaka? Presha je?"

"Kiti kiko palepale, Ishaka."

Chakula cha mchana ndicho kilichomtoa machozi. Alifungua bakuli shambani, samaki wa nazi anameremeta, akatia tonge mdomoni, akapiga simu nyumbani. "Tabia, samaki huyu amefia maji baridi?"

"Mama kasema."

"Hata punje moja?"

"Kasema ukibisha anakuja kukaa kwetu mwezi mzima akupikie mwenyewe."

Kibwana akala.

Jioni, akitoka na shehena ya mwisho, akamwona mtu njia panda anangoja usafiri wa kwenda Miono. Aliziona ndala za bluu kutoka mbali. Adabu ilimtaka aingie majanini, lakini lori la miwa likiingia majanini halitoki. Akapunguza mwendo, shingo imekakamaa, hajui atazame wapi, maana barabara nayo inataka macho.

Yule mama akaliona lori. Akaishika kanga yake, akajifunika gubigubi, akasimama pale kama nguzo.

Kibwana akapiga honi moja ndogo, ya heshima. Akapita akilisoma jina la kanga lote, herufi kwa herufi, huku lori linatembea.