Mama Mkwe Juu ya Lango la Maji

Mvua za majira ya joto zilipopungua, mama mkwe wangu, Bongsun, aliniambia nimpeleke Hwahongmun, lango la ngome ya mji wetu wa Suwon, Korea, ambalo mto unapita chini yake. Magoti yalikuwa yakimsumbua, nikamwomba tungoje kidogo.

"Magoti ni yangu," akasema. "Wewe beba chakula."

Mwanawe Gyuho, mume wangu, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Tangu hapo niliendelea kuishi na mama yake, tukigombana kuhusu chumvi ya supu na sauti ya televisheni kama ndugu wa tumbo moja.

Tulivua viatu, tukapanda kwenye ukumbi wa mbao juu ya lango. Mto ulikuwa umejaa. Maji yalipita kwenye matao yote saba, yakaporomoka juu ya mawe, na ilitubidi tupaze sauti ili tusikilizane. Nikafungua wali wa kuviringishwa kwa mwani. Mama akala kipande, akanitazama.

"Yule mwenye miwani, kwa nini anaishia pale kona ya soko? Mlangoni kuna mbwa?"

Nilipaliwa. "Nani, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Nina dirisha mimi. Anakushikia mwavuli wewe, yeye bega zima linalowa."

"Ni mwenzangu wa kazini. Anaitwa Tak Seungmo."

"Anakaa wapi?"

"Kule nyuma ya stesheni ya treni."

"Basi maskini, kila jioni anapotea njia."

Nilitaka kucheka, lakini machozi yakatangulia. Mama akanisogelea, akanifuta kwa leso yake iliyonuka dawa ya kuchua.

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, Yeonju. Nikaona nitakufa bado nangoja."

"Na Gyuho?"

Aliyaangalia maji. "Gyuho alikuwa hawezi kukuona una njaa," akasema. "Atapendaje uishi hivi?"

"Nikiolewa, wewe nitakuita nani?"

"Sasa hivi unaniitaje?"

"Mama."

"Na kuna aliyekukataza? Haya, futa makamasi, watu wanatuangalia. Mpigie simu aje. Wali umebaki."

Seungmo alifika akihema, akavua viatu na kuinama mbele ya Mama mpaka paji la uso likakaribia mbao. Mama akamwambia akae, akamsogezea figili ya kachumbari. Nilijua Seungmo haipendi. Aliila yote, na Mama alipomuuliza kama aongezewe, akasema ndiyo.

Wakati wa kushuka, Mama hakunipa mimi mkono wake. Alimshika Seungmo, akamwegemea hatua kwa hatua, akimuuliza habari za wazazi wake, nami nikawafuata nyuma na mfuko.

Tulioana majira ya machipuko. Mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo Bongsun ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama wa bibi harusi. Siku ya harusi ya Gyuho alivaa hanbok, vazi letu la jadi, ya buluu, rangi ya mama wa bwana harusi. Safari hii alishona mpya, ya waridi, kama mama yeyote anayemwoza binti yake. Alilalamika kutwa kwamba rangi ile inamzeesha. Wageni walipoondoka wote, bado alikuwa ameivaa.