Pembe ya Tatu

Kila Jumamosi Adèle alisiriba ukuta wa jiko lake kwa udongo mweupe, ili Jumapili imkute safi, na kila Jumatatu binti yake Virginie aliuchafua kwa makaa. Safari hii alikuwa amechora pembetatu kubwa. Katika kona mbili aliandika 50 na 60, akabaki anauma kidole mbele ya kona ya tatu.

Wa kulaumiwa alikuwa darini, kati ya mahindi na moshi. Mwalimu Kalala aliletwa Butembo na serikali kutoka Kasai kufundisha hesabu, na tangu waasi waingie mjini mwaka ule wa 1964 walimu walikuwa wakisakwa. Adèle alikubali kumficha kwa siku chache, siku chache zikazaa wiki. Alikuwa mjane, na kila usiku alihesabu hatua za wapita njia.

"Mwalimu," alisema akitazama juu, "kesho utatafuta fasi ingine. Niko na mutoto mumoja tu."

"Ndiyo, mama. Naelewa."

Alijibu kwa upole mno, hata Adèle akajichukia.

Virginie aliandika 60 kwenye kona ya tatu, maana ilionekana sawa na ile ya 60.

"Hapana, Virginie," sauti ya Kalala ikashuka kutoka ufa wa darini. "Macho inadanganya. Fanya kwanza jumla."

Kabla hajafuta, hatua zikasikika uani. Mwasi mmoja alibaki nje; mwenzake, kijana mwenye bunduki begani na majani kichwani, akaingia na kuutazama ukuta. Shule zilikuwa zimefungwa. Adèle akatambua kwamba ukuta wake mweupe ulikuwa umeshasema yote. Punje za mahindi zikadondoka kutoka juu.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mie," alisema Virginie.

Kijana aliokota kaa, akaikata ile 60. "Cinquante na soixante, cent dix," alinong'ona, akijumlisha 110 kwa Kifaransa cha shule. "Ili ifike cent quatre-vingts..." Akaandika 70, kona zote tatu zikatimia 180.

"Macho inadanganya, dada," alimwambia Virginie. "Fanya kwanza jumla."

Kisha akainua uso darini, akaukawiza hapo, kama mwanafunzi anayengoja kupewa alama. Adèle akamvuta Virginie kwake. Kijana akatoka.

"Hapa hakuna mutu," alimwambia mwenzake. "Banamuke tu, mama na mutoto wake. Twende."

Nyayo zao zilipopotea, Kalala aliteremka, akaigusa ile 70 kwa ncha ya kidole.

"Abdias," alisema. "Alikuwa anakaa karibu na mulango ya darasa yangu, anaangalia inje. Nilifikiri hasikie kitu."

Akalia bila kuficha uso. Adèle alimtazama mtu mzima huyo, masizi mashavuni, mbali na wazazi na ndugu zake, na huruma ikamjaa hadi ikamuuma. Akamsogezea kigoda karibu na moto, akampakulia bugali na sombe ya majani ya muhogo.

"Kula, mwalimu."

"Na kesho, mama?"

Adèle alikoroga sombe ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Kesho Virginie atakuwa hajue bado hesabu."

Jumamosi alichanganya udongo kama kawaida, akaanza kusiriba kutoka mlangoni. Alipoifikia pembetatu aliizunguka kwa vidole, polepole, asiguse hata kona moja. Kisha akautundika ungo wake juu yake, ukaifunika yote.