Mfuniko Uliodondoka Ukumbini

Machozi mwenyewe hakuwa mtu wa kulia ovyo. Aliyelia ni gitaa lake. Lilikuwa gitaa la meza, lile la nyuzi kumi linalosimama kwa miguu yake minne, mpigaji akakaa nyuma yake kama karani. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, magoti yanasukuma vyuma huku na huku, na mguu wa kulia, ndio wenye siri, unakanyaga pedali ya sauti. Ukidonoa mguu ukiwa juu, kisha ukaushusha polepole, sauti inatoka bila mwanzo, kama mtu anayeanza kulia huku bado anakataa. Siku moja alipiga hivyo ukumbini, na bawabu mmoja mkorofi akauomba mlango msamaha kwa miaka yote aliyoubamiza. Wanaobisha hawakuwepo.

Balaa lilianza amplifaya yake ya zamani ilipokufa. Ilikuwa ya valvu, zile chupa ndogo zinazowaka ndani kama makaa, na chupa zenyewe hazikupatikana tena hata kwa dawa. Akapata ya transista. Nyepesi, haichemki, haisumbui. Lakini sauti yake ilikuwa safi mno, safi kama maji yaliyochemshwa: salama, ladha hakuna. Ukiisukuma ili ipate ukali kidogo, haikunguruma kama ile ya zamani. Ilipasuka tu, kama mtu kachana karatasi.

Hapo ndipo alipokuja shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa kiongozi wa bendi na mpiga besi. Bendi hiyo waliianzisha wao wawili, sebuleni kwa Machozi, kabla hata dada mtu hajaolewa. Wenye midomo walisema dada alitolewa ili mpiga gitaa asihamie bendi nyingine. Shemeji alikuwa na mkoba begani, na mkononi kisanduku cha chuma, ukubwa wa mche mfupi wa sabuni, chenye vifundo vitatu.

"Hii inaitwa ovadraivu, shemeji yangu."

"Ile ya wapiga kelele? Peleka huko. Gitaa langu halina kikohozi."

"Sikiliza kwanza ndipo ununue ugomvi. Transista ukiilazimisha, inapasuka. Hiki tunakitanguliza. Kinaikwaruza sauti kidogo njiani, ikifika kwa transista imeshapata joto lake. Yenyewe inaikuza tu, hailazimishwi kitu."

"Na pedali ya sauti ikae wapi? Mbele yake au nyuma yake?"

"Eeh, hapo sasa umeuliza kifundi. Tupime."

Kabla ya kupima, shemeji alipanda kiti akaiondoa saa ya ukutani na kwenda kuifunika kwa mto chumbani.

"Transista zinasikia saa," alisema. "Zinaanza kufuata mwendo wake."

Machozi, ambaye katika maisha yake alikuwa ametunga uongo mwingi na mzuri, aliuona huu kuwa mzuri kuliko yote, na ndiyo sababu aliuamini. Mkewe naye aliambiwa azime redio jikoni.

Walianza kwa kukiweka kisanduku baada ya pedali ya sauti. Haikufaa: mguu ukiwa juu gitaa lilikuwa safi, mguu ukishuka likaanza kufoka kama mlevi aliyeguswa. Wakageuza nyaya, kisanduku kikatangulia, pedali ikafuata. Kifundo cha ukali wakakifungua kidogo tu, kama mtu anayechungulia wageni mlangoni, na cha sauti wakakifungua vizuri. Sasa mkwaruzo ulibaki uleule, kilio kiwe kidogo au kikubwa, na mguu ukafanya kazi yake ya zamani. Machozi alipiga mara moja, ikatosha. Ile amplifaya iliyokufa ilikuwa imerudi, tena na afya kuliko ilivyoondoka.

"Mama!" alimwita mkewe. "Njoo usikie kaka yako alichoniletea!"

"Nasikia huku huku," mkewe alijibu, na sauti yake ilikuwa na kicheko alichokibana.

"Sasa noti moja moja," alisema shemeji. "Uzi baada ya uzi, kutoka chini hadi juu. Iache ife yenyewe, usiikate. Kila noti inaitikisa transista kivyake."

Basi Machozi alipiga. Alasiri nzima alipiga noti moja moja, kwa subira ya mtu anayechambua mchele, na kila moja aliililisha kama ndiyo ya mwisho duniani. Shemeji aliketi mbele ya spika na mkoba wake magotini, kimya, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Kwenye noti moja ya juu, tamu kuliko zote, mfuniko wa sufuria ulimponyoka mkewe jikoni. Ulikuwa na kishikio kilicholegea, kwa hiyo haukuanguka kwa neno moja: kang, halafu ti.

"Niirudie hii?" aliuliza Machozi.

"Achana nayo," shemeji alisema, amechoka. "Iko sawa hivyo hivyo."

Alipoaga, alimshika bega. "Mtu kama wewe hapatikani tena, shemeji." Machozi akavaa kilemba hicho cha ukoka kichwani na kukipenda. Hakujua kwamba alikuwa ameshapatikana, tena yumo mkobani.

Baada ya hapo bendi ikawa imepumzika. Gari limekufa, shemeji alisema. Kisha mwimbaji anaumwa koo. Kisha ukumbi unapakwa rangi. Machozi hakunung'unika, alikaa na kisanduku chake akifanya mazoezi kama bwana harusi anayejaribu suti. Alitaka siku ya kurudi jukwaani watu wasahau kama aliwahi kuzeeka.

Jumamosi moja mchana fyuzi ya amplifaya ilikatika, akatoka kununua nyingine. Njia ya kurudi ilipita nyuma ya ukumbi wao. Alisikia besi, akaijua: ni kidole gumba cha shemeji yake, kilichozoea kuchelewa kidogo. Akatabasamu kwa mazoea. Kisha akajisikia yeye mwenyewe, analia humo ndani, ilhali yeye yuko nje, amesimama na fyuzi mkononi.

Alisogea dirishani. Pale ilipokuwa ikikaa meza yake palikuwa na kinanda cha umeme, na bwana mmoja mwenye miwani akikibonyeza kwa kidole kimoja, kama anayepiga kengele ya mlango wa watu. Machozi akajipa moyo. Labda ni mpigaji mwingine, dunia ni kubwa. Bwana yule akabonyeza noti ya juu.

Kang. Halafu ti.

Watu waliendelea kucheza. Nani angesikia mfuniko katikati ya ngoma na besi? Wimbo ukazunguka, noti ikarudi, na mfuniko ukadondoka tena. Jiko lake lilikuwa limo ukumbini na wageni wanalichezea. Kila noti aliyoililisha alasiri ile, aliililisha akiwaza siku ya kurudi kwake pale.

Hakuingia. Alifika nyumbani akakuta mkewe anakatakata vitunguu.

"Kaka yako alikuwa na kinasa sauti kwenye ule mkoba."

Mkewe aliweka kisu chini taratibu. "Alikwambia? Ilikuwa iwe zawadi yako. Alisema bendi inakuandalia kaseti ya sifa, nisitoe neno."

"Zawadi nimeisikia. Noti zangu zimelishwa kinanda, kuna mtu anazibonyeza kwa kidole."

Alimweleza. Mama huyo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauchukua ule mfuniko rafuni, akautazama kama anayeona jina lake kwenye kosa la mwingine.

"Angesema tu," Machozi alisema. "Angesema, shemeji, meza yako inakula nafasi ya watu wawili garini. Ningekasirika, ningenuna, ningetafuta gari. Lakini amenikalisha kwangu, akanifanya nimshukuru."

Haikupita wiki, shemeji akabisha hodi, mkoba begani, uso mkunjufu.

"Shemeji! Nimesoma mahali: transista ikikaa muda inabadilika. Lazima tuipime upya. Safari hii ule mtelezo, chuma kikitoka noti moja kwenda nyingine. Na yale magoti."

Machozi akaelewa. Kinanda kilikuwa na noti, lakini hakikujua kuteleza. Watu wameanza kuuliza kilio kimekuwaje kigugumizi.

"Karibu," alisema. "Toa saa."

Shemeji akapanda kiti. Machozi akakaa nyuma ya meza, akawasha kisanduku, akafumba macho, akapiga. Alipiga mtelezo mrefu kuliko wote, magoti yakafanya kazi, jasho likamtoka, mdomo ukamtetemeka. Kwenye spika kulikuwa na mvumo tu wa transista. Nyuzi zilinong'ona chini ya chuma kama panya darini.

"Shemeji. Mbona haitoki?"

"Inatoka."

"Mguu! Hujakanyaga pedali."

"Inatoka kwangu," Machozi alisema bila kufumbua macho, na mguu wake ulikuwa juu vilevile. "Ya kwako umeshachukua."

Halafu jikoni mfuniko ukadondoka. Kisha mwingine. Kisha mama mwenye jiko, bila haraka, akamalizia rafu nzima.

"Rekodi hizo, kaka!" alisema kutoka huko. "Ziko sawa hivyo hivyo!"

Shemeji alikumbatia mkoba wake akaondoka, saa ikiwa bado iko chini ya mto chumbani. Hakuomba radhi. Mlangoni alisema tu, kama mtu aliyeonewa, kwamba gari ni dogo.

Machozi alikaa. Mkewe akaja akairudisha saa ukutani, akasimama nyuma yake. Ndipo Machozi akapiga ile noti ya juu, akaushusha mguu polepole, kwa ajili yao wawili tu. Ilitoka na joto lake lote, ikajaa chumba.

Jikoni hakikudondoka kitu. Lakini Machozi aliusikia mfuniko, kang, halafu ti, na akaunyanyua mguu.