Msitu wa Alhamisi

Mwaka wa themanini na nne, redio ilipoanza kutangaza kwamba jangwa la Sahara linatembea kuja kusini, Chausiku binti Shaaban alikuwa darasa la sita, na hakuna mtu Ibadakuli aliyelichukulia jambo hilo kwa uzito kama yeye. Alichukua atlasi ya shule, akapima kwa uzi kutoka Sahara mpaka Shinyanga, akagawanya kwa kilometa kumi ambazo redio ilisema jangwa huzila kila mwaka. Akapata kwamba litafika baada ya miaka mia mbili na hamsini. Mwalimu Athanas, aliyefundisha hesabu na kilimo, alikata hesabu hiyo kwa kalamu nyekundu. Jibu sahihi, aliandika pembeni, ni "karibuni sana".

Tangu siku hiyo Chausiku hakulala vizuri. Kila upepo ulipoleta vumbi kutoka upande wa kiwanja cha ndege, alidhani ndilo hilo limeshafika.

Nyumbani hakuwa na wa kumweleza, kwa sababu baba yake alikuwa muuza mkaa. Mzee Shaaban alikuja Shinyanga akiwa kijana, akitokea Ujiji, akaajiriwa na serikali kufyeka mapori ili mbung'o wafe. Alifyeka vizuri hata akapewa cheti chenye muhuri, nacho kilining'inia ukutani karibu na picha ya Makka. Mbung'o walipokwisha, na kazi ikaisha, aliendelea na shoka lake kwa kujitegemea. Sasa kila mwezi watu wa Kamati ya Kuzuia Jangwa walimkamata, wakataifisha magunia yake, wakayapeleka majumbani mwao kwa usalama.

"Baba, unamaliza miti," Chausiku alimwambia siku moja wakila ugali.

"Nimepewa cheti kwa kuimaliza," Shaaban alijibu. "Wakitaka niache, wanipe cheti kingine."

Mama yake, Zamoyoni, alisema watu wasizungumze na chakula mdomoni, na mambo yakaishia hapo.

Mwezi wa tisa ikaja barua. Wageni kutoka shirika kubwa la mazingira la Ulaya watatua Ibadakuli siku ya Alhamisi, kuona msitu wa shule wenye miti elfu nne. Ndugu Donatus, katibu wa Kamati, aliileta barua mwenyewe. Alikuwa mtu mnene mwenye suti ya Kaunda na kalamu tatu mfukoni. Mwalimu Athanas aliisoma, akakaa chini.

Miti elfu nne ilikuwepo kweli, kwenye taarifa. Kamati ilileta miche elfu nne ya mikaratusi na mijohoro miaka miwili nyuma, wanafunzi wakaipanda huku wakiimba, halafu shule ikafungwa kwa likizo na mbuzi wakafunguliwa. Taarifa ya mwaka wa kwanza ilisema miti yote imeshika. Ya mwaka wa pili ilisema imerefuka. Chausiku, ambaye alikuwa mwangalizi wa miti wa darasa lake, alikuwa ameihesabu kwa mkono. Ilikuwa kumi na mmoja.

"Kumi na mmoja ni mwanzo mzuri," alisema Ndugu Donatus. "Inapungua elfu tatu mia tisa na themanini na tisa. Mashimo yapo?"

"Mashimo yapo," alisema Mwalimu Athanas.

"Basi kazi kubwa imekwisha. Tukakate matawi makubwa, tuyachimbie. Kwa siku moja tawi halinyauki."

Tatizo lilikuwa pa kuyapata. Kwa maili nyingi kuzunguka Ibadakuli palikuwa na mashamba ya pamba, visiki na mavumbi. Pori pekee lililobaki lilikuwa la mama mmoja Msukuma, mjane, nyuma ya kilima, aliyeitwa mayu Nyamizi, yaani mama Nyamizi. Lilikuwa ngitili, yaani eneo ambalo ukoo hulifunga mifugo isiingie, ili majani yake yaokoe ng'ombe wakati wa ukame. Mababu wa mume wake walilifunga, naye alilifunga, bila semina na bila taarifa. Kwa kuwa halikuandikwa popote, Ndugu Donatus alilihesabu kuwa halina mwenyewe.

Jumanne jioni alifika nyumbani kwa Mzee Shaaban. Shaaban alipomwona alianza kuficha gunia.

"Acha, mzee wangu," alisema Ndugu Donatus. "Leo nimekuja kukupa kibali." Akatoa karatasi yenye muhuri. Iliandikwa kwamba Shaaban anaruhusiwa kukata miti katika juhudi za kupambana na ukataji miti.

Shaaban aliisoma mara mbili. Alimtazama binti yake, kisha akachukua shoka. Chausiku alitaka kupinga, lakini aliyeleta kibali alikuwa mtu yuleyule ambaye kila Jumatatu, penye bendera, aliwafundisha kuupenda mti. Mtoto wa miaka kumi na mitatu ataanzia wapi?

Siku nzima ya Jumatano trekta la kijiji lilileta matawi, na mengine hayakuwa matawi bali miti mizima, imekatwa chini. Wanafunzi waliyachimbia, wakashindilia udongo, wakamwagia maji ambayo mama zao walikuwa wameyafuata mbali. Vijiti vilivyokosa majani vilipelekwa jikoni, kwa maana wageni lazima wale pilau. Ilipofika jioni shule ilikuwa na msitu. Ulipendeza sana, Chausiku hakuweza kukataa. Hata ndege walikuja kuutazama, wakakaa kidogo, wakaondoka.

Alhamisi wageni walifika. Kiongozi wao alikuwa mama mrefu wa Kizungu, mwenye viatu vya kutembelea porini na macho mema. Chausiku alitoka mbele na ngonjera aliyotungiwa na Mwalimu Athanas:

"Jangwa, jangwa, rudi nyuma,
Ibadakuli twasoma!"

Walipiga makofi. Kisha yule mama alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Aliinama mbele ya Chausiku, akaushika mti uliokuwa karibu, akauliza kitu kwa Kiingereza. Ndugu Donatus alitafsiri: mgeni anataka kujua mti huu una umri gani, na nani anautunza.

Chausiku alimtazama Ndugu Donatus. Lakini alikuwa amechoka kuogopa jangwa, na huyu mama alikuwa ametoka mbali ili amsaidie kulizuia.

"Huu ulichimbiwa jana," alisema polepole. "Ulikatwa kwa mayu Nyamizi, nyuma ya kilima. Aliyeukata ni baba yangu. Iliyo hai ni kumi na mmoja, ipo karibu na choo. Tafadhali mwambie asaidie ile."

Mwalimu Athanas alitazama viatu vyake. Ndugu Donatus alitabasamu, akatafsiri kwa muda mrefu kuliko Chausiku alivyosema, akionyesha kilima, akionyesha mbingu. Katika maneno yote yale Chausiku alitambua mawili tu ya Kiingereza aliyofundishwa darasani, yenye maana ya "baba" na "furaha". Yule mama akatokwa na machozi. Alimkumbatia Chausiku, akapiga naye picha mti ule ukiwa katikati yao, umeanza kulalia upande mmoja.

Wageni wakala pilau, wakaruka. Shule ikaahidiwa miche mingine elfu nane.

Ijumaa asubuhi Chausiku hakwenda shule. Alipanda kilima mpaka kwa Nyamizi, akamkuta amesimama katikati ya visiki, mikono nyuma, kama mtu anayehesabu maiti.

"Mwangaluka, mayu," Chausiku alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa aliyekata."

Nyamizi alipangusa vumbi kwenye kisiki kimoja. "Wengine wote waliokata hawajanijia," alisema. "Kaa."

Nyamizi hakwenda polisi wala kwa Kamati. Alipeleka neno kwa majirani, na Jumapili wakakutana wote, mkutano ambao Wasukuma huuita dagashida, ambamo mwenye kosa husimama katikati na kusema mwenyewe alichofanya. Shaaban alisimama. Chausiku alisimama kando yake bila kuitwa. Ndugu Donatus alikuja na kibali, akakisoma kwa sauti, pamoja na tarehe.

"Muhuri tumeuona," alisema Nyamizi. "Tunauliza shoka."

"Shoka ni langu," alisema Shaaban. "Nimekata miaka ishirini na miwili. Hii ni mara ya kwanza mtu kuniuliza miti ilikuwa ya nani."

Waliamua Ndugu Donatus atoe fahali. Alicheka, akapanda Landrova, na wiki ile hakuna mtu aliyemwuzia maziwa, aliyemsalimia wala aliyemchotea maji, yeye wala mkewe wala mpishi wake. Wiki ya pili alitoa fahali. Shaaban, ambaye hakuwa na fahali, alipewa adhabu ya kulinda ngitili kwa masika mawili. Hakupinga. Chausiku alishangaa kumwona baba yake akilichukua jambo hilo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mvua zilipokuja, miche elfu nane ilifika na kupandwa huku wakiimba, na mbuzi nao wakafika. Nyuma ya kilima hakuna aliyepanda kitu. Visiki vilianza kutoa machipukizi vyenyewe, mekundu kwanza, kisha ya kijani. Kila alasiri Chausiku alimpelekea baba yake chakula, wakazunguka pamoja na fimbo, wakifukuza ng'ombe wa watu.

Shaaban aliijua miti yote, lakini kwa njia yake.

"Huu ni mgunga," alimwambia, akigusa chipukizi kwa ncha ya kidole. "Mkaa wake mzito, unaivisha maharage bila kuongezwa. Ule mkole, unawaka upesi, haufai. Mpingo ule pale usiuguse, unaua shoka, na unachukua maisha ya mtu mzima kufika kimo changu."

"Na huu, baba?"

Shaaban alichuchumaa. Aliligeuza jani, akalinusa, akalitazama sana.

"Huu sijawahi kuuona ukiwa mdogo hivi," alisema. "Tungoje tuone."