Meza ya Drafti ya Marlys

Kwa miaka minne Marlys Dahlgren alikuwa akiupita msumeno wake wa umeme kwa mbali. Ulisimama katikati ya gereji, umefunikwa blanketi kuukuu, plagi imechomolewa. Ulikuwa umemkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto, siku moja alipokuwa akipasua ubao wa kabati huku mawazo yake yako kwingine. Tangu hapo useremala wake wote aliufanya kwa msumeno wa mkono na randa, na hakutaka kuulizwa.

Mwezi wa Novemba, theluji ya kwanza ilipokwisha kushika huko kaskazini mwa Minnesota, daktari alimwambia mumewe, Orrin, kwamba vali moja ya moyo wake imechoka na lazima afanyiwe upasuaji. Alipewa siku baada ya wiki tatu. Mpaka hapo asibebe kitu kizito, asizoe theluji, asikimbie.

Orrin alikuwa ameendesha basi la shule miaka thelathini na hakujua kukaa kimya. Walikuwa wakicheza drafti mezani jikoni, juu ya bao la karatasi ngumu ambalo miraba yake myeupe na myeusi ilikuwa vigumu kutofautisha.

"Nikitoka hospitali," alisema asubuhi moja, "nataka kucheza kwenye meza ya heshima. Ile uliyoniahidi tangu zama za Nuhu."

"Nilikuahidi nikiwa na vidole kumi, bwana."

"Kwani hata vilipokuwa kumi uliwahi kunifunga?"

Marlys alicheka, lakini neno lile "nikitoka" lilimkaa kifuani. Kesho yake alikwenda gereji akaliondoa blanketi.

Bao la drafti halina msamaha. Unapasua vipande virefu vinane, vinne vya mbao nyeupe, vinne vya mbao nyeusi za mjozi, unavigandisha kwa gundi kimojakimoja kwa zamu. Kisha unakata tena kwa upande, unageuza kila kipande cha pili, na hapo ndipo miraba inatokea. Kipande kimoja kikizidi kwa unene wa ukucha, kona hazikutani bao zima. Mkono peke yake haufiki hapo. Ni msumeno tu.

Aliuwasha. Ule mngurumo ulipopanda, vile vidole vifupi vikaanza kumwuma kana kwamba vimekatwa jana. Akazima, akarudi ndani, akaosha vikombe vilivyokuwa safi.

"Umemaliza?" Orrin aliuliza.

"Sijaanza."

"Nije nikusimamie?"

"Wewe kaa hapo hapo. Ukija na porojo zako, safari hii nitakata mkono mzima."

Alijaribu tena kesho yake, na keshokutwa yake. Siku ya nne alifunga mlango kwa ndani, akashika vijiti viwili vya kusukumia mbao ili mikono isikaribie meno ya msumeno, akaanza. Kila alipopitisha ubao alihesabu kwa sauti, kama mtoto anayepanda ngazi. Katikati ya kazi kipande kimoja kilinaswa, kikaruka nyuma kikampita ubavuni na kugonga mlango. Alisimama hapo akitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa mizima. Akaendelea. Alipokata cha mwisho na kuuzima, aliketi sakafuni juu ya unga wa mbao akalia.

Yaliyofuata hayakumtisha. Aligandisha, akapiga randa, akachimba shimo la mraba lenye kina kidogo katikati ya uso wa meza na kulilaza bao humo, likiingia kwa kugongwagongwa na nyundo ya mbao mpaka kidole kikipita juu yake hakihisi mshono. Akaweka miguu minne mifupi, meza ikawa ya kutosha kahawa na kete.

Siku mbili kabla ya upasuaji aliipaka mafuta ya kitani. Mjozi uling'aa mweusi tititi. Marlys alikuwa akiimba. Akayakunja matambara ya mafuta, akayatupa ndani ya boksi lenye maranda chini ya benchi, akaenda mjini kumnunulia Orrin malapa ya kuvaa wodini.

Alirudi saa tisa alasiri. Alipofungua mlango wa gari alisikia harufu, kali kama ya mafuta yaliyoungua kikaangoni. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka chini ya mlango wa gereji. Na kupitia dirisha la jikoni aliona kiti cha Orrin kitupu.

Matambara. Alijua palepale. Kila seremala anajua kwamba matambara ya mafuta yakirundikwa yanajipasha joto yenyewe mpaka yanashika moto. Alijua hivyo kwa miaka arobaini. Ila siku zote hizo hofu yake yote ilikuwa kwenye msumeno.

Alipofungua, moto ulikuwa umepanda benchi zima. Orrin alikuwa ameinama ndani ya moshi, akiiburuta meza.

"Iache! Orrin, iache!"

"Shika upande huo!"

"Mjinga wewe, moyo wako! Toka!"

"Siiachi, Marlys!"

Alimshika ukosi wa shati akamvuta mpaka nje, akamwacha amekaa kwenye theluji. Akarudi kuchukua mtungi wa kuzimia moto. Pini ilimponyoka mara mbili kabla ya kuchomoka. Akapuliza mpaka mtungi ukaisha na kila kitu kikawa cheupe.

Alipotoka, midomo ya Orrin ilikuwa ya buluu. Hakujibu alipoitwa. Marlys alipiga simu huku akimkumbatia kwa mkono mmoja, akihisi moyo wa mumewe ukipiga, ukisita, ukipiga.

Madaktari hawakungoja. Walimfungua kifua asubuhi iliyofuata, na Marlys akakaa kwenye kiti cha plastiki saa saba, nguo zikinuka moshi. Kila mlango ulipofunguliwa alinyanyuka.

Alipona. Siku ya tatu alipoweza kuongea, Marlys alimwambia yote bila kuzunguka. "Matambara ni mimi niliyeyaacha. Nusura nikuue."

"Na mimi nilikatazwa kwenda huko, nikaenda," Orrin alisema kwa sauti ndogo ambayo Marlys hakuizoea. "Sikwenda kuangalia meza. Nilikuwa naogopa. Ulipokuwa mjini nyumba ilinishinda, nikaenda kukaa karibu na kitu ulichokitengeneza."

"Mbona siku zote ulikuwa unatania?"

"Ulitaka nilie?"

"Ndiyo. Tungelia wote."

Mwezi wa Januari meza iliingia sebuleni, mguu mmoja umeungua kidogo. Orrin alicheza hatua nne tu, jasho likamtoka. Marlys akamfunika shali. Hawakuziondoa kete, wakaziacha pale zilipokuwa, wamalizie kesho.