Zamu ya Naftali

Kabla hata salamu hazijaisha, Penina alikwishajua kwamba mwanawe haji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko gereji, hapa Kijenge. Mama, ile Jumanne... bosi ameingiza gari mbili za watalii, anataka zitoke Jumatano asubuhi. Nikiondoka, nitarudi nimkute mwingine ameshika spana yangu."

"Mara iliyopita ulisema hivyohivyo."

"Mara iliyopita ilikuwa malaria, mama."

"Haya. Pona."

"Nilishapona, mama!"

Penina aliiweka simu juu ya debe lililogeuzwa, akaitazama ndoo iliyokuwa ikimsubiri. Hakuwa na nguvu za kugombana na mtu aliye mbali. Tangu mvua zikatike na mfereji kupungua maji alikuwa akichota maji kisimani kwa jirani na kuyamwagia kabichi kwa kopo, shina baada ya shina, na kila alipofika mwisho wa tuta alikuta mwanzo wake umekwisha kukauka. Kabichi hizo ndizo alizozitegemea. Kahawa ilikuwa ya marehemu mumewe, Naftali, na sasa ni ya ukoo, migomba ililisha nyumba, lakini kilichopelekwa sokoni Tengeru kikarudi na sabuni, mbolea na daftari za wajukuu kilitoka katika kipande hicho cha chini, na kipande hicho kiliishi kwa maji ya mfereji.

Mfereji ulianzia juu, mahali ambapo mashamba ya Akheri hukoma na msitu wa Mlima Meru huanza. Pale wazee wa zamani waliuchepusha mto kwa ukuta wa mawe na magogo, na mahali hapo pakaitwa banio. Kutoka banioni maji yaliteremka shamba hadi shamba, kila kaya kwa zamu yake. Zamu haikununuliwa. Ilipatikana kwa jasho: mchanga ulipojaa au gogo lilipong'oka, mbiu ya msaragambo ilipigwa, na kila mwenye zamu alipanda na jembe lake kufanya kazi na wenzake. Aliyekosa mara mbili mfululizo, zamu yake ilimwendea mwenye shamba linalofuata.

Hiyo ilikuwa kanuni, na Penina hakuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wake, kama bado alikuwa na nafasi moyoni ya kuuweka, ulikuwa na mila iliyoitangulia kanuni hiyo: mwanamke hafiki banioni. Ilisemwa kwamba akikanyaga pale, maji hukimbia. Kwa hiyo mwenye mume alimtuma mume, mwenye kijana alimtuma kijana, na asiye na mtu alirudi kwenye ndoo. Mradi mmoja uliwahi kuja na semina katika ukumbi wa usharika. Wanawake walikunywa soda, wakapiga makofi, wakagawiwa fulana zilizoandikwa mgongoni kwamba maji ni haki yao. Penina bado alikuwa na yake. Aliivaa shambani, na maandishi yalikwisha kufutwa na kamba ya mzigo.

Mwanawe Sifaeli alikosa msaragambo uliopita. Akikosa na wa Jumanne, maji ya zamu yao ya Alhamisi yangepita mbele ya kabichi za Penina na kwenda kwenye miparachichi ya Mzee Thomasi, jirani wa chini.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda kwa shemeji yake Aminieli, mdogo wa marehemu, aliyekuwa mwenyekiti wa mfereji. Aminieli alikuwa mtu mnyoofu hata katika kukaa; alikalia kigoda kama mtu aliye mbele ya mkaguzi. Alisoma shule ya bweni, akawa kiranja mkuu, na ingawa miaka mingi ilikuwa imepita, ukiranja haukumtoka. Hakupendelea mtu. Mwaka uliotangulia alimnyang'anya zamu mwanawe wa kumzaa, na kijana huyo hakuzungumza naye mpaka Krismasi.

"Shemeji," Penina alisema, "Sifaeli haji. Nitapanda mwenyewe."

Aminieli hakushtuka; alikuwa akipima.

"Unaijua mila."

"Naijua. Na kabichi nazo nazijua."

"Siwezi kukuhurumia wewe nikamwacha mwingine."

"Sijaomba huruma, shemeji. Nimeomba mawe ya kubeba."

Aminieli alisema atazungumza na wazee. Jioni alimwita tena, akamweleza uamuzi kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mila haitavunjwa, na kanuni haitavunjwa. Zamu ile ni ya Naftali. Basi atakayepanda Jumanne ni Naftali. Penina atavaa koti la marehemu na kofia yake. Ataitwa kwa jina la marehemu, na kwa jina hilo ataitika.

"Yaani maji hayatanijua?" Penina aliuliza.

"Maji hayatajua."

"Na watu?"

"Watu watajua, ila watanyamaza."

Kutoka jikoni, Joyce, mke wa Aminieli, aliangua kicheko. "Shemeji Naftali! Karibu ndani nikupakulie loshoro! Siku nyingi!"

"Joyce," Aminieli alisema.

"Namkaribisha kaka yako, nimekosa nini?"

Penina naye alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alikubali. Angekubali hata kama wangemwambia apande kama mbuzi wa Naftali, kwa kuwa mtu aliyechoka hachagui mlango. Huingia ulio wazi.

Jumanne alipanda. Koti lilikuwa zito, limekaa sandukuni tangu mazishi, na njia ilipinda juu kati ya migomba, kisha kati ya miti ya msitu, ambako hewa ilikuwa baridi na ardhi yenye utelezi. Wanaume walimpisha bila kumtazama usoni. Walikuwa wameagizwa wanyamaze, na walinyamaza kweli, mpaka walipoingia kazini. Hapo kijana mmoja aitwaye Prosper, ambaye ulimi wake haukuwahi kupewa likizo, alishindwa.

"Ee bwana Naftali, mbona umepungua hivyo?"

Mmoja akakohoa ili asicheke.

"Na ndevu je? Umeziacha wapi?"

"Zilizikwa na mwenyewe," Penina alisema, akatupa koleo la mchanga ng'ambo ya ukuta.

Prosper aliinama akachimba. Mzee Thomasi, aliyekuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, alisema bila kugeuka, "Umelitaka, umelipata. Chimba."

Maji hayakukimbia. Yalipita kati ya miguu ya Penina kama yalivyopita kati ya miguu ya wengine, baridi kiasi cha kuuma mifupa, na hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti. Kazi ilikuwa nyingi. Gogo la zamani lilikuwa limeoza na jiwe moja kubwa lilikuwa limeteremka likaziba mdomo wa mfereji. Walilisukuma watu wanne, wawili upande huu na wawili upande ule, mpaka likatikisika, likaachia, likabingirika kando. Penina aliliachia jiwe wa mwisho, akaokota koleo lake. Koti lilikuwa limelowa, na sasa lilikuwa na uzito wa mtu.

Jua lilipovuka upande wa pili, Aminieli alipanda juu ya ukuta kuita majina. Hakuwa na karatasi. Aliwashika wote kichwani kwa mpangilio wa mashamba, kutoka la juu hadi la mwisho. Kila mmoja wao aliijua desturi yake, ambayo aliitoa bwenini: jina huitwa mara moja tu. Aliyesikika yupo. Asiyesikika hayupo, hata kama amesimama mbele yako.

"Elisante Mbise!"

"Nipo."

"Prosper Kaaya!"

"Nipo, mwenyekiti."

Penina alikuwa ameegemea mpini wa koleo. Macho yalikuwa wazi, lakini mawazo yalikuwa yamekwisha kuteremka mlima, yako jikoni, yanapuliza moto.

"Naftali Nnko!"

"Hayupo," Penina alisema.

Neno lilitoka lenyewe. Lilitoka kwa sababu katika ndoa yake nzima hilo ndilo lililokuwa jibu. Naftali alikuwa mtu wa watu. Palipokuwa na msiba alichimba kaburi, palipokuwa na harusi aligawa nyama, penye ugomvi aliketi katikati, na kila aliyefika uani akaita "Naftali!" alijibiwa na mkewe, mgongo umeinama, mikono ndani ya kazi: hayupo. Siku nyingine alikuwapo, amejilaza chumbani, akimwashiria kwa kidole kwamba aseme vilevile. Penina alilisema neno hilo mara nyingi kuliko alivyosema jina lake mwenyewe.

Kicheko kiliwatoka. Hata wazee walicheka, wakashika mbavu, na Prosper alikaa chini kabisa kwenye matope. "Nilijua tu! Hata akifufuka hayupo!"

Aminieli hakucheka. Alisimama juu ya ukuta, uso umekakamaa, kama mtu aliyevunjikiwa na chombo alichokibeba kwa uangalifu.

"Nani amejibu?"

"Mimi, shemeji. Nimeteleza. Nilikuwa mbali."

"Jina haliitwi mara mbili."

Kicheko kilizimika kidogo kidogo. Kila mmoja aliijua maana yake. Naftali hakusikika, na hii ni mara ya pili mfululizo. Macho yalimgeukia Mzee Thomasi, mwenye shamba linalofuata.

"Mzee, leo umerithi maji ya marehemu," Prosper alisema, lakini safari hii utani haukuwa na ladha hata kinywani mwake.

Mzee Thomasi alijipangusa mikono kwa suruali. "Maji nayataka," alisema. "Sitawadanganya. Miparachichi yangu inadondosha maua. Mwenyekiti akisema ni yangu, nitayachukua. Lakini lile jiwe, mimi nilikuwa upande huu na Elisante. Upande ule alikuwa Prosper na nani?"

Prosper alimtazama Penina, na Mzee Thomasi akaendelea.

"Nauliza tu. Kwa maana kama Naftali hayupo, basi jiwe limesukumwa na watu watatu, na watatu hawaliwezi."

"Itika basi, mama Sifaeli," mtu alinong'ona nyuma yake. "Sema nipo, yaishe, twende nyumbani."

Ilikuwa rahisi. Aminieli alikuwa kimya, na ukimya ule ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha neno moja. Penina alifungua kinywa. Aliwaza kabichi. Kisha alimwaza Naftali, aliyependa sana kuitwa, na akaona kwamba hana tena nguvu za kumsemea, si za kusema yupo wala za kumficha.

"Hayupo, shemeji," alisema polepole, bila hasira. "Ulimzika wewe mwenyewe. Wewe ndiwe uliyetupa udongo wa kwanza. Aliyechimba hapa leo ni mimi, na mimi sijaitwa."

Aminieli alitazama chini, kwenye maji yaliyokuwa yakiingia mferejini safi, bila kizuizi. Waliomjua walijua anapambana na nini. Bwenini, usiku wa ukaguzi, mvulana aliyelala kitandani mwake na jina lake likarukwa hakuadhibiwa, aliadhibiwa kiranja. Kuacha kumwita aliyepo kulihesabiwa kosa kubwa kuliko kumwita asiyekuwapo. Na yeye Aminieli, aliyejivunia kwamba hajawahi kumruka mtu, alikuwa ameita kaburi na kumruka aliyesimama mbele yake na koleo.

Alinyoosha mgongo.

"Penina Nnko!"

Katika msitu ule jina hilo lilisikika geni. Hata mwenyewe alichelewa kidogo.

"Nipo."

"Thomasi Pallangyo!"

"Nipo," Mzee Thomasi alisema, akaguna, akaanza kutafuta viatu vyake.

Majina yalipokwisha, Aminieli aliteremka ukutani akamfuata Penina. "Umesikika. Zamu ya Alhamisi ni yako, kwa jina lako. Sasa nisikilize. Sifaeli hawezi tena kupanda badala yako. Aitwaye ndiye ajaye. Ukikosa mara mbili, nitaipeleka chini, na sitakuonea haya."

"Najua, shemeji."

"Jumamosi tunasafisha mfereji wa chini."

"Jumamosi ni soko la Tengeru."

"Ni soko la kila mtu," Aminieli alisema. Kisha akaongeza, na ilikuwa wazi kwamba maneno hayo yalimgharimu, "Pole kwa kazi, shemeji."

Alhamisi, kulipopambazuka, Penina aliinua kizibo cha udongo na maji yakaingia. Yaliingia na majani makavu na povu, yakajaza tuta la kwanza, yakasita, yakageukia la pili. Alikuwa akiyaongoza kwa jembe alipomwona mwanamke amesimama kwenye mpaka, kanga imefungwa kiunoni. Alikuwa Vaileth, mjane wa shamba la tatu kutoka hapo, ambaye zamu yake ilikwenda kwa wengine tangu mwaka aliofiwa.

"Ni kweli walikuita?" Vaileth aliuliza.

"Waliniita."

"Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu. Wakanipa maji haya, na Jumamosi wamenipa tope la kuzoa, na mwezi ujao watanipa mawe. Mgongo huu, Vaileth, sijui kama ni wangu."

Vaileth aliyatazama maji kwa muda mrefu.

"Mawe nayaweza," alisema.

"Basi kamwambie Aminieli. Atakukatalia, halafu hatalala. Kesho yake mrudie."

Vaileth aliruka mpaka, akamchukulia jembe mkononi bila kuomba. "Kaa. Nitayapitisha mimi."

Penina alikaa ukingoni, miguu ndani ya matope. Alikusudia kuangalia tu kama maji yanafika tuta la mwisho. Aliyasikia yakifika, kwa kuwa macho yalikuwa yamekwisha kujifumba.